Mama Elinipendo na Kuku Walioshindwa Kuyafikia Maji

Ndugu waombolezaji, hadi anafumba macho Mama Elinipendo Eliufoo hakupata jibu la swali moja, kwamba kuku wawili waliotoka kwenye boksi moja, wakala chakula cha gunia moja na kulala banda moja, iweje wiki ya nne mmoja asimame na mwenzake apinde miguu, akae chini, asiinuke tena.

Alizaliwa hapa Marangu tarehe 14 Machi 1946, akasoma hapa hapa hadi darasa la nane, mwaka 1967 akafunga ndoa na Mzee Eliufoo, na Mungu akawajalia Efraimu, Eunike na Kindness. Kuanzia 1970 alikuwa karani wa kiwanda cha umma mjini Moshi, hadi Juni 1992 alipopunguzwa kazi pamoja na wenzake, akajenga banda la kuku wa nyama nyuma ya nyumba yao ya Njoro, na kwa kuwa alikulia katika nyumba ambayo ng'ombe hulala ndani na kuletewa majani, aliliziba banda kwa mbao pande zote ili baridi isiwaguse vifaranga. Bwana mifugo alipomwambia kwamba mifupa inataka jua hakubisha, alikata madirisha siku ile ile, lakini kuku waliendelea kuanguka.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mwenye sepetu na uwanja alichanganya pumba, akashona gunia na kuliita chakula cha kuku, na hakuna aliyepima kama ndani mna unga wa mifupa au mchanga. Hapo ndipo tunapoumia hadi leo, kwa sababu lawama hazikwenda kwenye gunia, zilimjia yeye. Kwenye sherehe ya kipaimara, Desemba 1996, wanawake wenzake walicheka sahani zikiwa mikononi, wakasema Mama Efraimu anawabania chakula wale viwete wake, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwagiza kuku wa sherehe. Alimtia kuku mmoja aliyeanguka kwenye kikapu, akampeleka kwa muuzaji wa chakula, ambaye hatumtaji kwa sababu huenda naye aliuziwa, lakini jibu lake tunalitaja: "Mama, kuku wa nyama anakimbilia wapi?" Naye akamwambia, "Anakimbilia maji, baba. Anakufa kwa kiu huku anayaona." Waliokuwa dukani waliendelea kununua. Yeye alirudi Njoro, na hadi alipougua aliwanywesha walioanguka kwa mkono wake, mmoja mmoja.

Moyo ulianza kumsumbua Agosti 2003, akalazwa mara mbili, akaaga dunia asubuhi ya tarehe 9 Juni 2004. Kitandani aliomba kwamba kwake asifugwe tena kiumbe asiyeweza kuyafikia maji kwa miguu yake mwenyewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Njoro, wenzake wa kiwandani, na kina mama wa kipaimara kile, ambao tangu juzi tumewaona mkimenya ndizi jikoni kwake.

Kikao cha familia kililikubali ombi lake, na jana Efraimu alilibomoa banda, akazipandisha mbao kwa lori hadi hapa Marangu, akazipigilia misumari zikawa mabenchi, nayo ndiyo mliyokalia.

Pumzika, Mama Efraimu, kwa amani.