Papa Éphraïm Mwepu na Sauti za Studio Matofali

Leo, Jumamosi tarehe 28 Februari 2026, Papa Éphraïm Mwepu anastaafu baada ya kuitumikia Studio Matofali kwa miaka thelathini na tisa na miezi mitano. Aliingia tarehe 1 Oktoba 1986 akiwa na koti la kuazima na bisibisi mbili mfukoni. Koti alilirudisha kwa mwenyewe. Bisibisi bado anazo, na anayezigusa bila ruhusa hupewa somo la nusu saa.

Mkurugenzi wetu, Mama Dominique, amenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu nimekaa chumba kimoja na mzee huyu kwa miaka kumi na minne. Nadhani anajua pia kwamba nina jambo langu naye. Kati ya albamu zote ambazo Papa Éphraïm amerekodi hapa Likasi, ipo moja aliyoifuta kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaitafuta kwa miaka thelathini na miwili. Ndani yake ilikuwamo sauti ya marehemu mama yangu, sauti ambayo mimi sikuwa na kumbukumbu nayo hata kidogo. Nitalifikia hilo. Kwanza tuseme kazi.

Alizaliwa Panda, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Baba yake alitaka awe fundi wa mitambo kiwandani, lakini kijana akajifungulia kibanda cha kutengeneza redio sokoni Kikula. Hapo ndipo mwanzilishi wa studio yetu alipomkuta, akilalamika kwamba mashine yake mpya ya kurekodia inavuma na mafundi watatu wameshindwa. Éphraïm akaenda, akazunguka chumba mara moja, akachomoa friji ya bia iliyokuwa kwenye soketi moja na mashine. Mvumo ukaisha palepale, naye akaajiriwa siku hiyohiyo. Inasemekana mwanzilishi alinuna wiki nzima kwa kunywa bia ya moto.

Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1988, nayo ni "Asubui ya Shituru", ya vijana wanne wa magitaa. Mwimbaji wao alikuwa na haya, hakuweza kuimba akitazamwa. Papa Éphraïm akaleta kwa mkokoteni kabati la nguo la mke wake, Mama Angèle, nguo zikiwa bado ndani, akamfungia yule kijana humo pamoja na mikrofoni. Sauti ilitoka safi mno hata kabati halikurudi nyumbani kwa miaka sita. Mama Angèle yuko nasi ukumbini leo, na kabati hilo bado analitaja kila mgeni anapomuuliza habari za ndoa.

Wote mliowahi kusimama mbele ya mikrofoni yake mnalijua swali lake. Kwingine mwimbaji huambiwa ahesabu moja, mbili, tatu ili fundi apime sauti. Papa Éphraïm hakutaka hesabu. Husema kupitia kioo: "Sema jina yako, na byenye ulikula asubui." Anaamini mtu akihesabu hutoa sauti ya darasani, lakini akitaja chakula anarudi kwenye sauti yake mwenyewe. Kwa hiyo studio hii imesikia habari za chai, mikate, mihogo na maharage kuliko mkahawa wowote wa Likasi. Mhubiri mmoja alijibu, "Minye nafunga," akanyamaza, na kipimo kikakwama. Papa Éphraïm alifikiri kidogo, akamwambia, "Basi sema bya jana."

Baada ya kupima, alikuwa akikikata kile kipande cha utepe kwa wembe kabla ya kuhifadhi nyimbo. Kumbukeni wembe huo.

Miaka ya tisini tepe zilikuwa adimu kama sukari. Bobini moja, yaani gurudumu moja la utepe, ilirekodiwa, ikanakiliwa kwenye kaseti, ikafutwa, ikarekodiwa tena. Kanuni ya studio ilikuwa rahisi: boksi lililokatwa kona kwa mkasi, bobini yake inaruhusiwa kutumika upya. Boksi lenye kona zote nne halikuguswa na mtu.

Mwezi Machi 1992 ikaja Kwaya Nyota ya Panda kurekodi albamu "Mulango Iko Wazi". Waimbaji wake wengi walikuwa wa familia zenye asili ya mkoa wa Kasai, ambazo wazee wao waliletwa zamani kufanya kazi mgodini. Aliyeongoza nyimbo alikuwa Suzanne Kapinga, mwenye miaka ishirini na minne, akiwa na mtoto mgongoni. Huyo ndiye mama yangu, na mtoto ni mimi. Zikanakiliwa kaseti arobaini. Mwaka huo na uliofuata familia nyingi za Kasai zilifukuzwa majumbani mwao kwa sababu ya asili hiyo, zikaondoka kwa treni kwenda Kasai, na kaseti zikaondoka nazo ndani ya masanduku. Mama alibaki Likasi kwa dada yake. Mwezi Agosti 1993 homa ilimchukua, nikiwa na miaka miwili na nusu. Mjini hapa sauti yake ilibaki sehemu moja tu, kwenye rafu ya Studio Matofali, ndani ya boksi ambalo halikukatwa kona.

Februari 1994 orkesta ya Mzee Alphonse ilikuja kurekodi. Papa Éphraïm akanyoosha mkono kwenye rafu, akagusa boksi lisilo na kona moja, akalitoa. Walifanya kazi siku nne, kwa furaha nyingi. Siku ya nne, alipokaa kuandika jina la albamu mpya juu ya boksi, ndipo alipoona kwamba kona ile haikukatwa na mkasi. Ilikuwa na alama za meno ya panya.

Albamu iliyorekodiwa juu ya sauti ya mama yangu inaitwa "Nitakungoya ku Panda". Hakuna iliyotoka studio hii ikapendwa kuliko hiyo. Mmeicheza kwenye harusi zenu, nami niliicheza kwenye yangu. Na nyote mmeona kwamba ikipigwa tu, Papa Éphraïm huinuka na kutoka nje hadi iishe. Mlimtania miaka mingi kwamba kibofu chake hakipendi magitaa. Aliwaacha mseme.

Jumatatu iliyofuata kosa lile, alichukua rangi ya kucha ya Mama Angèle na kutia nukta nyekundu kwenye kila bobini isiyopaswa kufutwa kamwe. Kanuni ya mkasi ikafa. Nukta hizo zipo hadi leo, na mke wake alikaa bila rangi ya kucha Pasaka ile yote. Mama Angèle, umeolewa na mtu mmoja na studio nzima, na tunakuheshimu kwa hilo.

Kazi ikaendelea. Mwaka 2007 aliamua kurekodi nyimbo za akina mama wanaokausha samaki kando ya ziwa Tshangalele. Walikataa kuja mjini, wakasema hawajui kuimba mikono ikiwa mitupu. Basi akawafuata yeye, akafunga betri ya gari nyuma ya baiskeli, akaning'iniza mikrofoni juu ya vichanja vya samaki, na kuwauliza mmoja mmoja wamekula nini asubuhi. Wote walikuwa wamekula samaki. Albamu "Samaki ya Asubui" ilisifiwa hadi Lubumbashi, lakini mikrofoni ile ilinuka mwaka mzima, na waimbaji wa injili walikuwa wakiimba huku wamegeuza uso.

Mimi niliajiriwa mwaka 2012, nikiwa mpokea wageni. Siku ya tatu Papa Éphraïm aliona karatasi zangu mezani, akazisoma, akavua miwani.

"Mama yako njo Suzanne wa kwaya?"

Nilimwambia ndiyo. Akavuta kiti, akaketi mbele yangu, akanieleza yote, boksi, kona, siku nne za furaha. Nilimwuliza kama kosa halikuwa la panya. "Hapana panya," alisema. "Ni minye nilifuta sauti yake. Minye."

Nilikasirika sana. Nilikuwa nimekua bila kujua kwamba sauti hiyo iliwahi kuhifadhiwa, kisha nikaambiwa ilikuwapo na haipo tena, kwa pumzi moja. Sikumsalimia mwezi mzima. Yeye alinisalimia kila asubuhi, akajibiwa na ukuta, na kesho yake akasalimia tena. Mwezi wa pili alinikalisha kwenye kiti chake na kuanza kunifundisha kazi ya sauti. Kila ninachokijua nimekipata kwake, pamoja na ukali wangu kuhusu bisibisi.

Ndipo nilipogundua kwamba kila mwaka alikuwa akiandika barua. Aliziandikia parokia za Mwene-Ditu, Mbuji-Mayi na Kananga, kule Kasai, akiomba kama kuna familia iliyotoka Panda ambayo bado inayo ile kaseti. Nilihesabu nakala ishirini na saba kwenye droo yake. Mwaka 2018 ikaja bahasha yenye kaseti, na juu yake, kwa kalamu ya zamani, "Mulango Iko Wazi". Tulifunga mlango, tukaitia kwenye mashine. Akatoka mhubiri akihubiri juu ya Nuhu, pande zote mbili. Na kule Kasai pia tepe zilikuwa adimu. Tulitazamana, tukacheka mpaka nikaumwa mbavu.

Mwaka jana alimwambia Mama Dominique kwamba hastaafu kabla ya kuhamishia bobini zote kwenye kompyuta. Mashine ya bobini ilikuwa imekufa tangu 2003. Aliifungua, akaipa mkanda wa cherehani, ikazunguka. Kuanzia Mei tulihamisha bobini sitini. Ilibaki moja, isiyo na jina wala nukta, iliyokuwa ikizuia dirisha lisigonge upepo ukivuma. Aliitambua. Zamani alikuwa akiviunganisha vile vipande alivyokata kwa wembe, vipimo vya sauti, apate utepe wa kujaribia mashine baada ya matengenezo. Alidhani nao ulishafutwa, kama kila kitu cha miaka ile.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 20 Januari, saa nne asubuhi. Zikaanza kupita sauti, moja baada ya nyingine. Mwanamume aliyekula mkate. Msichana aliyekunywa chai bila sukari. Mtu aliyesema hakula kitu na asiulizwe tena. Kisha mwanamke, mwenye kusema upesi:

"Minye Suzanne Kapinga. Nilikunywa chai, nilikula muhogo mbili. Samaki ya jana njo mutoto alikula."

Mtoto akakohoa karibu sana na mikrofoni, akaanza kulia.

"Christiane, nyamaza, mama iko na kazi."

Baada yake akaja mtu wa maharage, na Papa Éphraïm akasimamisha mashine.

Ni sekunde kumi na moja. Nilizisikiliza mara tisa. Nililia, na sioni haya kuliandika katika karatasi ya sherehe. Nilicheka pia, kwa sababu anasema upesi kama mimi, na kwa sababu alininyima nafasi ya kukohoa lakini samaki alinipa. Nilipogeuka, kiti cha fundi kilikuwa kitupu. Alikuwa ametoka nje, kama afanyavyo kwenye harusi. Nilimkuta amesimama ukutani akifuta miwani ambayo haikuwa chafu.

"Hapana wimbo," aliniambia. "Ni chakula tu."

"Papa," nilimjibu, "ile njo nilikuwa natafuta."

Nyimbo za mama yangu hazikupatikana, na sidhani zitapatikana. Lakini ningepewa albamu nzima, ningemsikia akiwaimbia watu wote. Kwenye kipande hiki ananiambia mimi, kwa jina langu. Kama Papa Éphraïm angekuwa fundi wa kuhesabu moja, mbili, tatu, nisingekuwa na chochote.

Papa Éphraïm, asante kwa albamu zote zilizo na nukta nyekundu. Asante kwa salamu za mwezi ule ambazo sikuziitikia. Leo ninaziitikia zote. Wafanyakazi wa Studio Matofali wanakuombea asubuhi nyingi zenye chai ya moto na muhogo laini, ukiwa na mtu wa kukuuliza umekula nini. Zawadi yetu ni kabati jipya la nguo. Ni la Mama Angèle, na halitatoka nyumbani kwenu kwa sababu yoyote ile.

Saa tisa Mzee Alphonse na wenzake watapanda jukwaani kupiga "Nitakungoya ku Panda". Kabla yao tutasikia sekunde kumi na moja za Suzanne Kapinga, kisha magitaa yataingia. Mimi nitakuwa nimeketi karibu nawe. Baki, Papa. Kiti chako tumekiweka mbali na mlango.

Christiane Ngalula, fundi wa sauti