Bega Likigeuka

Tazameni wanangu. Wengine huanza wosia kwa kusema sikilizeni; mimi Rutaihwa, kiziwi tangu kuzaliwa, nasema tazameni, na fungueni hilo dirisha mwanga uniangukie mikononi, maana mkono wa kulia umeanza kufa ganzi na sitaweza kurudia.

Kibanja hiki cha Kaagya, kuanzia nyumba hadi mstari wa milamula, miti ya mpaka, nusu ni yako Audax, nusu ni ya dada yako Dativa, migomba na kahawa yake, wala asinyimwe kwa kuwa ni mwanamke au kwa kuwa ni kiziwi kama mimi. Makaburi msigawane. Pale amelala ndugu yangu Kamugisha, na habari yake ndiyo mzigo ninaowaachia.

Asubuhi ile aliyouawa nilimwona jirani yetu Byarugaba aking'oa mlamula. Kamugisha akamkataza, Byarugaba akampiga jembe kisogoni. Nilisimulia mbele ya baraza la kijiji kama sisi viziwi tunavyosimulia: hatuishii kusema fulani alifanya, tunakuwa yeye. Nikageuza bega, nikawa Byarugaba, nikakunja uso wake, nikainua jembe lake. Na wewe Audax, msomi wa sekondari, uliyekuwa sauti yangu mimi baba yako, ukawaambia watu, "Tata anasema amempiga ndugu yake." Maneno hayo yakafika mahakamani, nikafungwa miaka kumi na miwili. Hukuwahi kukaa nami tukasimuliana hadithi. Ulidhani unajua lugha yangu kwa sababu ulijua kuniomba chumvi.

Nilikukasirikia mpaka nikachoka. Nimekusamehe. Usilie, machozi yatakuzuia kuona.

Kikulacho ki nguoni mwako. Tangu mvua zianze, milamula mitatu imeng'olewa, na Byarugaba amekwisha kujua kwamba siku ile Dativa, mtoto wa miaka sita, alikuwa nyuma ya mibuni akaona yote. Juzi kamuuliza mjukuu wangu Joviana, ishara ya jembe ni ipi? Mzee wa umri wake hajifunzi lugha ya viziwi bure. Naogopa, wanangu.

Kwa hiyo Dativa, usiingie kwenye kahawa peke yako. Jumamosi baraza likikaa, simulia bila kulainisha kitu. Audax, simama mbele yake, mtazame bega. Likigeuka, mtu amebadilika, na kabla hujafungua kinywa muulize, huyu ni nani? Kidole kimoja hakivunji chawa. Mikono yake bila kinywa chako itanifunga mara ya pili, nikiwa kaburini.

Bwana awabariki, awape mazao, awape wajukuu wenye macho ya kuona. Awa... Mkono umekataa. Umebaki wa kushoto.

Dativa ananionyesha kuwa Byarugaba ameingia uani na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, amekuja kunijulia hali. Mwacheni. Asimame hapo hapo dirishani.

Audax, tazama. Nageuza bega. Nainua jembe. Huyu ni nani, mwanangu? Sema kwa sauti, asikie.