Mwalimu Josephat Mwandawiro na Madaraka ya Wachile

Ukoo huu una walimu wanne na karani wa korti, na bado kazi ya kueleza maisha ya marehemu imesukumwa kwa Wakio, dada yake mkubwa, ajuza wa darasa la pili, ati kwa kuwa ndiye mwenye kumbukumbu, kana kwamba wengine walizaliwa jana. Basi mjukuu anayesoma asome yalivyo, asipambe.

Marehemu Josephat Mwandawiro alizaliwa tarehe 3 Aprili 1926 hapa Wundanyi, akaingia shule ya misheni mwaka 1934, akapenda vitabu kuliko mbuzi aliopewa kuchunga, na wawili wakapotea, akahitimu ualimu mwaka 1948, akamwoa Peris mwaka 1953, wakajaliwa watoto watano, na mwaka 1965 akafanywa mwalimu mkuu kule Voi, cheo alichokipenda kuliko alivyokubali kusema.

Huko Voi alimfundisha Kiswahili padre mmoja wa kutoka Chile, nchi ya Amerika ya Kusini, na padre naye akamfundisha mambo ya kwao, kwamba Mhispania aliwatawala karibu miaka mia tatu, mpaka tarehe 18 Septemba 1810, mfalme wake akiwa kifungoni kwa Wafaransa, wakubwa wa mji wa Santiago wakakutana wakaunda serikali yao, huku wakiapa kwamba wanamtunzia mfalme kiti tu. Mwaka 1814 Mhispania akarudi akawatandika, waliosalia wakakimbilia Argentina, ng'ambo ya milima inayoipita Kilimanjaro kwa urefu, wakajipanga, mapema mwaka 1817 wakaivuka tena na nyumbu wao wa mizigo katika baridi, na uhuru wenyewe wakautangaza tarehe 12 Februari 1818. Lakini sikukuu yao kubwa imebaki ile ya Septemba, wanajenga vibanda vya matawi, wanarusha tiara, wanaoka sambusa kubwa za nyama na yai, wanacheza wawili wawili wakipunga vitambaa, mwanamume akimzunguka mwanamke kama jogoo.

Tarehe 18 Septemba 1970 padre aliandaa sikukuu hiyo uani kwake, marehemu akawa mkalimani, akawaambia majirani kwamba walichopata Wachile siku ile hakikuwa uhuru, kilikuwa madaraka tu, na bwana wao alirudi, na kila aliyejua tofauti ya Juni, tulipopata madaraka, na Desemba, tulipopata uhuru, alielewa. Isipokuwa Donald Kituku, mume wa Dinah, dada wa marehemu, aliyefika amechelewa, akaenda moja kwa moja kwenye sambusa, akadaka mkia wa maneno, na kwa kuwa alikuwa akiutafuta unaibu wa chifu, asubuhi akaupeleka mkia huo ofisini kwa chifu kama ng'ombe mzima, kwamba Mwalimu anasema Kenya haijapata uhuru, na Mzungu anarudi.

Marehemu aliitwa, akaeleza, hakusikilizwa, akavuliwa ukuu, akapelekwa Salaita kufundisha darasa la kwanza kwenye vumbi na joto, Peris akabaki huku mlimani Wundanyi na mimba, na mtoto wa mwisho, Tryphena, alipomwona baba yake akija likizo alijificha nyuma ya mama akisema kuna mgeni. Marehemu hakulia, lakini neno hilo mgeni alilirudia hadi uzeeni.

Mwaka 1974 wazee walikaa, na Dinah akasimama mbele yao akamwuliza mumewe, baba watoto, sambusa za siku ile ulizila kwa mdomo au ulijizibia nazo masikio, maana mimi ndiye niliyeshika sinia na ulikuta maneno yamefika mwisho. Donald akajitetea kwamba shemeji alitaja madaraka, wazee wakamwuliza madaraka ya nani. Walimtoza mbuzi, marehemu akamkataa mbuzi, akasema nyama huliwa leo na kesho hakuna anayekumbuka, yeye anataka kila tarehe 18 Septemba Donald aje uani kwake, aeleze uhuru wa Chile wote, kutoka 1810 hadi 1818, bila kuruka, kisha acheze ngoma ya kitambaa mbele ya watoto. Alicheza miaka kadhaa, kisha alipoupata unaibu wa chifu goti likaanza kumwuma, kila Septemba.

Marehemu alirudishiwa ukuu mwaka 1975, akastaafu mwaka 1981, sukari ikamshika mwaka 1983, ikamshukia miguuni, akalazwa hospitali ya Voi, na huko akaagiza kwamba, awe hai au maiti, tarehe 18 isipite bila deni lake kulipwa, akafariki Ijumaa tarehe 12, na leo ni Alhamisi, Septemba 18, 1986, anayetaka kuuliza kwa nini tunazika leo ameshajibiwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta kuni na maji, walimu wenzake, na Nashon Oduor wa reli aliyelitengeneza jeneza hili. Shemeji Donald hashukuriwi, anaitwa. Kitambaa cha padre anacho Tryphena, goti liume lisiume, aanzie 1810, na watoto wampe nafasi hapo kando ya kaburi.

Mwalimu, lala, leo unachezewa.