Mama Viroboto na Ripoti Aliyoirudisha

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, mkuu wa idara yetu ya viumbe vya majini anastaafu. Kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, sote tunamwita Mama Viroboto, na ole wake mgeni anayedhani ni tusi.

Viroboto wa maji ni vijidudu visivyo na uti wa mgongo, na watoto wao ni wadogo kuliko punje ya ufuta. Mama amewalea vizazi kwa vizazi katika mitungi ya vioo pale dirishani. Kazi yake ni kutia kemikali kwenye maji yao ili kujua kama ni sumu, kisha kuhesabu baada ya saa arobaini na nane ni wangapi bado wanaogelea. Saa hizo hazijui sikukuu. Siku ya harusi ya bintiye alitoweka ukumbini kabla ya keki kukatwa, akarudi baadaye akinukia maabara na kuketi meza kuu kana kwamba hakuna lililotokea. Mumewe, fundi saa, alituambia hakushangaa kuwa ameondoka. Alishangaa kuwa amerudi.

Lakini fahari yetu kubwa kwake inatokana na kosa. Miaka ishirini na moja iliyopita tuliletewa esta za asidi za mafuta, yaani mafuta ya mimea yaliyogeuzwa kiwandani ili yalainishe mitambo. Kiwanda kimoja kidogo kilitaka yachukue nafasi ya grisi nyeusi iliyokuwa ikivuja kutoka kwenye pampu na kuingia katika mto tunaokunywa maji yake. Tulipima. Viroboto karibu wote waliacha kuogelea. Ripoti ikasema mafuta hayo ni sumu kali, Mama akatia saini, ikapelekwa kiwandani. Wiki hiyohiyo jina lake lilikuwa mezani kwa ajili ya ukuu wa idara.

Alasiri ile, kabla ya kuosha bilauri za jaribio, aliinama akazitazama kutoka ubavuni. Viroboto hawakuwa wamezama. Walikuwa wamenasa juu, kwenye utando mwembamba wa mafuta yasiyoyeyuka. Aliwatoa mmoja mmoja, akawatia kwenye maji safi. Wengi wakaogelea.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi wa wakati huo kuomba ripoti irudishwe. Mkurugenzi alimwambia, kwa sauti tuliyoisikia hadi koridoni, kwamba taasisi haiwezi kula matapishi yake. Mama akasema kosa ni lake, kwa hiyo aibu ni yake. Ripoti ilirudi. Ukuu wa idara ulimpita, akaupata miaka minne baadaye.

Alirudia jaribio kwa njia tunayoitumia mpaka leo: mafuta yanakorogwa majini polepole kwa siku mbili, yanaachwa yatulie, kisha maji yanatolewa kwa bomba lililo chini ya chombo ili utando usiguswe. Chombo cha kwanza kilikuwa jagi la kioo alilotunzwa kwenye harusi yake mwenyewe, na fundi saa bado analiulizia. Safari hii viroboto walicheza wapendavyo. Grisi nyeusi, ilipopimwa vivyo hivyo, iliangusha nusu yao. Pampu zote za mto zikabadilishiwa mafuta.

Limebaki jambo moja, nami ninayeandika nalisema leo kwa mara ya kwanza. Bilauri zile niliziandaa mimi, nikiwa na miezi mitatu kazini. Utando ule niliuona tangu siku ya kwanza, nikanyamaza, nikidhani si neno. Mama alipotoka kwa mkurugenzi nilimweleza yote. Alinisikiliza, akanituma nilete karatasi mpya za kuhesabia, tukaanza upya. Tangu siku hiyo hajalitaja hata kwa utani, na utani anaujua.

Asante, Mama. Saini ilikuwa yako; kosa lilikuwa langu. Sote tunakuombea afya, furaha na mapumziko marefu.