Kiti cha Pili cha Kinu cha Tata Crisanto

Wilmer na kamati yako, hiyo mota mliyoifunga utepe mwekundu iondoeni mezani. Mtu ametumikia karakana miaka thelathini na moja akitengeneza mashine zisizotaka umeme, halafu siku ya kumuaga mnampa mota! Mlifikiri kwa kichwa au kwa kisigino?

Tata Crisanto Xicay, mzee wetu, anastaafu tarehe 30 Novemba. Mimi Petrona nimefanya naye kazi tangu karakana ikiwa mabati matatu na rundo la baiskeli mbovu, basi nimeambiwa maneno ya kumuaga niyaandike mimi. Shule niliiacha mapema, lakini macho ninayo.

Alianza kwa kuchomelea mageti. Baiskeli kuukuu zilizokuwa zinaozea uani ndizo alizozikata akatoa mashine za kukanyaga: ya kukoboa kahawa, ya kupukuchua mahindi, ya kuvuta maji kisimani, na ile ya kusaga shubiri ambayo sisi wanawake wa hapa Chipoloj tunatengenezea sabuni ya nywele. Ile ya shubiri tunagombea zamu hadi leo.

Hakuna mashine iliyotoka mlangoni kabla mwenyewe hajaja kupimwa mguu. Crisanto anavuta kamba kutoka nyonga hadi kisigino, anafunga fundo, ndipo anachomelea kiti. Mwenzetu Eufemia alijidai ana kazi nyingi, akamtuma binti yake mdogo akapimwe badala yake. Goti likawa linamgonga kidevu kila akikanyaga. Alipokuja kulalamika, Crisanto hakuinua hata macho. "Mguu umekuja leo?" alimuuliza. "Haya, keti."

Na yeye alikosea, msimfanye mtakatifu. Mashine yake ya kwanza ya kufulia aliijaribu kwa kanzu ya padri. Jumapili padri akageukia altare, mgongoni ana alama ya cheni, grisi tupu. Waumini tulishindwa kuimba.

Sasa kinu cha nyumbani kwake, ambacho ndicho hamkukielewa. Alikiwekea viti viwili. Kimoja cha mwenye kukanyaga. Cha pili, kifupi, kiko mbele ya mdomo wa kinu, na alikipima kwa mguu wa mkewe Balbina. Balbina alikuwa anatia mahindi yaliyochemshwa na chokaa na kupokea donge la tortiya, chapati zetu za mahindi, wanatazamana, wanabishana jioni nzima.

"Kanyaga, mzee, au umelala?"

"Tia mahindi, mwanamke, acha kusaga majirani kwa ulimi!"

Balbina amefariki mwaka wa nne sasa. Crisanto anakanyaga kidogo, anashuka, anatia mahindi, anapanda tena. Mtaa mzima tunasikia kinu kinaanza, kinasimama, kinaanza. Tunakoroga maharage yetu tukijifanya viziwi. Mchana amekuwa na karakana na kelele zenu. Kuanzia Desemba hatakuwa na hata hizo.

Nyinyi mmesikia kinu kikisimama, mkadhani miguu imechoka. Miguu ile inaweza kwenda mji mkuu na kurudi! Juzi nilimwambia habari ya mota. Akakifuta kile kiti kifupi kwa kofia yake, na wala hakikuwa na vumbi.

"Nana Petrona," akasema, "mota itaniuliza leo nimekula nini?"

Nikamuuliza kama mtu mwingine anaruhusiwa kukikalia.

"Mwenye makalio na aje," akasema, akageukia ukuta.

Asante, Crisanto. Viganja vyetu havina tena sugu la jiwe la kusagia, na hiyo ni kazi yako. Mungu akupe magoti mazima na kahawa ya moto, na siku zako za kupumzika zisiwe na ukimya mrefu.

Wewe Wilmer, rudisha mota dukani leo, muda wa kurudisha haujaisha. Kesho jioni chukua mahindi ya mama yako, nenda kwa Tata Crisanto, ukae kwenye kiti cha Balbina. Ni kifupi, goti litakugonga kidevu, vumilia. Keshokutwa aende Eufemia, anayefuata nitamtaja mimi. Tia mahindi polepole, na ole wako ukikaa kimya.