Anti Dzifa na Ofisi Iliyohamia Majumbani

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba, Bi. Dzifa Agbenyega, afisa utumishi mkuu wa kampuni yetu ya bima hapa Accra, atakabidhi funguo zake baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa niaba ya wafanyakazi wote. Niliwaandikia wenzangu arobaini na wawili, kila mmoja anitumie kumbukumbu moja tu. Nikapata majibu sita, na mmoja wa hao sita aliniuliza kama ni lazima. Basi haya ni maneno yangu zaidi kuliko yetu, na asiyeridhika ajilaumu mwenyewe.

Aliajiriwa Machi 1994 kupokea simu. Mwaka 2003 alihamia utumishi, na 2011 akawa mkuu wa idara. Chumba cha akina mama wanaonyonyesha ni yeye aliyekipigania miaka mitatu, baada ya kumkuta karani akimnyonyesha mwanawe kwenye stoo ya makaratasi. Lakini wengi tunamkumbuka kwa mzunguko wake wa asubuhi. Alipita ghorofa zote tatu akimsalimia kila mtu kwa jina, akiuliza habari za mgonjwa, za mtihani wa mtoto, za paa linalovuja. Mzunguko huo ulimchukua dakika hamsini. Siku za Ijumaa tulivaa vitambaa vya kwetu na kula waakye, wali wa kunde, pamoja kwenye korido. Mmoja wetu akifiwa, ofisi nzima ilipanda basi kwenda kuzika, nguo nyeusi na nyekundu.

Mwaka 2020 tukapelekwa kufanyia kazi majumbani, na wengi wetu hatukurudi. Miaka miwili baadaye bodi ikaachia ghorofa mbili. Anti Dzifa hakukubali, ila hakuna aliyemuuliza.

Niseme ukweli: alituchosha. Alianzisha mkutano wa mtandaoni kila Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, akauita Salamu. Haukuwa na ajenda.

“Washa kamera nikuone uso,” alikuwa akisema. “Mawuena, mbona umekonda? Unakula kweli, au unakunywa chai tu?”

Watu walikuwa na kazi za kumaliza, na mama huyu anauliza nani amekula nini. Mimi nilikuwa nikizima maikrofoni, halafu nasonya. Siku moja nikasahau kuizima.

“Nii Lante,” akasema, “sonya tena, baba. Waliokaa mbali hawakusikia.”

Yaw Brobbey wa mauzo alibandika picha yake akitabasamu, akaenda zake kuoga. Anti aliongea na ile picha dakika nne nzima, akiipa pole kwa mtandao mbovu. Alipogundua, hakumwandikia Yaw barua ya onyo. Alimpigia simu mama yake Yaw.

Malalamiko yakamfikia mkurugenzi, Bwana Quaynor, naye akamwita.

“Dzifa, hawa ni watu wazima. Kazi inatoka. Waache.”

“Kazi inatoka, bosi,” akajibu. “Watu ndio hawatoki.”

Akaendelea vilevile, nasi tukaendelea kukereka.

Kisha ikaja Jumatatu moja ya Februari mwaka jana. Atsu Kpodo, mtathmini wetu wa madai anayefanya kazi akiwa kwao Kpando, alikuwa amezima kamera kwa wiki kadhaa. Anti akamuuliza mama yake anaendeleaje, maana alijua bibi huyo alikuwa akiugua.

Sauti ya Atsu ikasikika: “Tulimzika, Anti. Mwezi uliopita.”

“Ulimzika na nani? Nani alikuja kutoka kwetu?”

“Hakuna. Nilitangaza kwenye kundi la ofisi.”

Tukafungua simu zetu, kila mtu kwa aibu yake. Tangazo lilikuwepo, limebanwa kati ya kikumbusho cha kubadilisha nywila na kichekesho cha Yaw. Chini yake kulikuwa na vidole gumba ishirini na viwili. Changu kilikuwemo. Cha saba kilikuwa cha Anti Dzifa.

Hakujitetea. Alivua miwani, akasema, “Hata mimi, Atsu. Nilibonyeza bila kusoma.” Akafunga mkutano.

Siku ya pili alimpigia simu kila mtu, mmoja mmoja: Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, nguo nyeusi. Tulinung'unika. Kpando ni mbali, mazishi yameshapita, tutaenda kusema nini? Hata hivyo tulifika stendi watu ishirini na sita. Bwana Quaynor alikuwa ametangulia, amekaa kiti cha mbele cha basi.

Atsu alitukuta uani kwao. Hakutukaribisha.

“Mmechelewa,” alisema.

“Tumechelewa,” Anti akajibu. “Hatuna la kujitetea.”

“Nilikuwa nikiangalia barabara, Anti. Siku mbili. Niliwaambia ndugu zangu, subirini, watu wa ofisini wanakuja.”

Hakuna aliyethubutu kuinua macho. Anti alipiga magoti pale pale kwenye vumbi, mwanamke wa miaka hamsini na minane, na sisi nyuma yake tukainama. Atsu alimwangalia, kisha akamshika mikono kumwinua, na hapo ndipo alipolia. Shangazi yake akaleta maji, akatuuliza, kama ilivyo desturi ya kupokea wageni, tumekuja na habari gani. Anti akaeleza kila kitu, hata kile kidole cha saba. Tulikaa hadi jioni.

Tangu siku ile, habari ya msiba au ya mtoto aliyezaliwa haiishii kwenye kundi: mtu anapiga simu, na mtu anakwenda. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi wote tunafika ofisini, tupende tusipende. Ghorofa moja haitutoshi, tunagombania viti, joto kali, Yaw anaongea mno. Inaudhi kweli. Mwaka huu amekosekana mtu mmoja tu, naye alikuwa wodini, na jioni yake saba kati yetu tulikwenda kukaa naye.

Bodi bado haijamtaja mrithi wake. Nasikia inafikiria kununua programu.

Anti, unarudi kwenu Anloga kulima vitunguu. Ahsante kwa kila asubuhi uliyotupotezea. Tunakuombea afya, udongo mwepesi na mvua ya kiasi. Na usitusumbukie, nenda ukapumzike, mama.

Nii Lante Okpoti, Idara ya Madai