Kipara cha Goli la Kusini

Sogezeni viti, wanangu, na wewe kitinda mimba zima hiyo simu, leo baba yako hashindani na simu. Daktari aliwanong'oneza pale mlangoni akidhani mimi ni kiziwi, lakini nimesikia kila kitu. Basi msinikatize, maana pumzi niliyobakiwa nayo inatosha kulisema jambo hili mara moja tu.

Ya mali nayamaliza upesi. Nyumba ni ya dada yako, kwa kuwa yeye ndiye aliyemuuguza mama yenu mpaka mwisho. Wewe chukua baiskeli na redio, na usininunie. Ufunguo wa stoo ya uwanja mrudishieni katibu wa timu. Toroli la kumwagia chokaa nililiunda kwa mikono yangu, lakini kwa kweli sijui mtalifanyia nini. Ila hiyo kamba iliyo chini ya kitanda, yenye kitambaa chekundu, ole wake atakayeitupa.

Nimepaka mistari ya uwanja wa Magunia miaka arobaini na miwili. Niliikuta timu bado changa, vijana wa kiwanda cha magunia waliokuwa wakitoka zamu na nyuzi kichwani na kwenda moja kwa moja mazoezini, na wapinzani wakawazomea, "Magunia hao, Magunia hao!" mpaka wenyewe wakaona isiwe tabu, wakalichukua jina wakalishona kifuani. Tukapanda daraja baada ya daraja hadi ligi kuu, mji mdogo kama huu, timu kubwa za nchi zinakuja kuoga kwenye bafu letu lisilo na mlango! Na aliyetupandisha ni nahodha, shemeji yangu, kaka wa mama yenu. Usiangalie chini, binti yangu. Ndiyo, nimemtaja mjomba wenu, yule asiyetajwa ndani ya nyumba hii. Wewe alikubeba mabegani akakuzungusha uwanja mzima. Huyu mdogo wako hajawahi kumwona akivuka kizingiti hiki.

Watu husema penalti ni bahati, lakini yake haikuwa bahati. Alikuwa akirudi hatua tano, anainamisha kichwa, na mpira unapaa unaingia chini kidogo tu ya mtambaa panya wa goli, kila mara palepale, makipa wakijua na bado wasiufikie. Alikuwa akinitania, "Shemeji, wewe niwekee nukta mahali pake, mengine niachie mimi." Tulicheka sana, mimi na yeye.

Msimu wa pili, mechi ya mwisho, tukishinda tunabaki ligi kuu, tukitoka sare tunashuka. Dakika za mwishoni, tukiwa sare, tukapata penalti, goli la kusini. Mjomba wenu akarudi hatua zake tano, akapiga, mpira ukagonga mtambaa panya ukarudi hadi katikati ya uwanja, na tukashuka daraja. Yaliyofuata mmeyasikia. Mtu asiyekosa, akose siku hiyo? Kauza mechi! Wakaenda kumvunjia madirisha, na mama yenu akazomewa sokoni mpaka akaacha kikapu chake chini akakimbia. Jioni ile akamuuliza kaka yake mbele yangu, "Umehongwa?" Mjomba wenu akageuka, akatoka. Hawakusemezana tena mpaka mama yenu anaingia kaburini.

Hakuhongwa, wanangu. Mimi ndiye.

Sina maana kwamba nilihongwa. Afadhali ningehongwa, ningekuwa na cha kujitetea. Siku moja kabla ya mechi ile mashine ya nyasi iliikata kamba yangu ya kupimia, na usiku mvua ikafuta nukta ya kusini, ambako nyasi zilikuwa zimetoka kupandwa upya, hata alama ya zamani haikuwepo. Asubuhi nikaunga kamba na kipande kingine, nikafunga kitambaa chekundu cha kuonyesha mahali pa nukta kwa kukisia, kwa kiburi tu, nikijiona macho yangu yanatosha, wakati seremala ana tepu ya kupimia ng'ambo ya barabara. Ng'ambo ya barabara tu, jamani! Refa akapita, akatupa jicho, akaendelea. Watu walipomaliza kutoka kwenda kumpiga mawe mjomba wenu, ndipo nikaenda kuazima ile tepu. Sheria ni mita kumi na moja. Nukta yangu ilikuwa mita kumi na moja na sentimita themanini. Mpira ule ule unaopaa, ukipigwa karibu hatua nzima nyuma, hauingii chini ya mtambaa panya, unaugonga.

Nikaufyata. Nikajiambia nitasema kesho, na kesho nikamkuta mama yenu amevimba macho kwa kulia, nikampa maji ya kunywa badala ya ukweli. Halafu chokaa huunguza nyasi, mnajua, na pale penye nukta palishakuwa na kipara. Ningeisogeza, kipara kingenisema. Kwa hiyo nikaipaka palepale, kila wiki ya mechi, miaka thelathini na mmoja. Watu wakaliita goli la mkosi. Wageni nao walikosa vilevile, ndiyo maana hakuna aliyelalamika. Timu haikupanda tena.

Mjomba wenu, mnajua, ni yule fundi viatu wa nyuma ya ukuta wa kusini wa uwanja. Kelele za mpira anazisikia zote, lakini ndani hajatia mguu. Nyinyi mlikuwa mkinicheka kwa viatu vilivyoachama vidole nje, mkasema baba bahili, kumbe mtaa mzima fundi viatu ni mmoja na mimi napita njia ya mbali nisimwone. Uwanja mzima unanisalimia, "Mzee wa chokaa!" nami nikirudi nyumbani sina wa kuzungumza naye. Nimelala kitanda kimoja na mama yenu miaka yote ile nikiwa peke yangu. Upweke huu niliutengeneza mwenyewe, lakini umeniuma, wanangu, umeniuma sana.

Sasa shikeni haya. Jumamosi ni mechi ya mwisho pale, Jumatatu matingatinga yanaingia kuubomoa uwanja, na kipara changu kitakwenda na udongo. Wewe kitinda mimba ndiye mshika kipaza sauti cha uwanja. Kabla ya mechi uyaseme haya kama nilivyoyasema, usinipambe. Dada yako apime mbele ya watu, kuanzia mstari wa goli mpaka kwenye kipara, na kamba waione. Kisha pakeni nukta mpya panapostahili, na mjomba wenu akikubali kuja, mpeni mpira. Golini asisimame mtu. Atarudi hatua tano, na magoti yake ni mabovu, mngojeeni.

Mungu awaweke pamoja... nyinyi wawili. Mkikoseana, semezaneni siku hiyo hiyo. Awape... awape mtu wa kucheka naye. Hapana, maji sitaki. Fungua dirisha la upande wa uwanjani. Mpira ukiingia wavuni una sauti yake. Nikiwepo bado... nitaisikia.

Binti, wewe nenda kwa mjomba wako sasa hivi, usingoje Jumamosi. Usiniombee msamaha, hilo ni langu. Mwambie tu hakukosa. Na hivyo viatu vyangu... hapo chini, vilivyoachama... vichukue. Mwambie avishone. Mwambie ni vya... ni vya shemeji.